Nimepewa fomu ya kujiunga na utafiti wa dawa ya kolaitisi. Niulize nini kabla ya kusaini?

Njiapanda

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mapambano.

Nina kolaitisi ya vidonda, imeshika karibu utumbo mpana wote. Mesalazini ilinisaidia mwanzoni, baadaye ikachoka. Azathioprini ilinivimbisha kongosho nikalazwa, ikafutwa kwenye faili langu moja kwa moja. Infliksimabu ndiyo iliyonirudishia maisha, halafu mwili ukaanza kuikataa. Kipimo kikaonyesha kingamwili zimejaa na dawa yenyewe haionekani kwenye damu. Sasa naishi kwa prednisoloni. Nikishuka chini ya miligramu 15, damu inarudi. Uso umevimba, usingizi hakuna, na mtu akinisalimia kwa sauti kavu kidogo nalia.

Daktari ameniambia kuna utafiti wa awamu ya 3, ile hatua ya kujaribu dawa kwa watu wengi kabla haijaombewa kibali. Dawa haina jina bado, ni herufi na namba tu. Kidonge kimoja kila asubuhi, ni cha ukoo mmoja na ozanimodi, dawa ya kolaitisi ambayo tayari inatumika. Watu 2 kati ya 3 wanapata dawa, mmoja anapata kidonge bandia, na wanagawanywa kwa bahati nasibu. Wiki 12 za kwanza, kisha unaendelea mpaka wiki ya 52. Nimepewa fomu ya ridhaa nikaisome nyumbani, ni kitabu kizima. Nilipofika kwenye madhara niliifunika.

Mama hataki kusikia. Anasema mtoto wake hajaribiwi dawa. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, jambo ambalo halinisaidii kitu. Na tulikuwa tumepanga kutafuta mtoto mwakani.

Waliopitia huko, naombeni mnieleze: nikiangukia kwenye kidonge bandia si nitaharibika? Nikikataa, daktari atanichukia? Na nikiwa kwao siku ya kwanza, niulize nini?

Mkongwe wa Choo

Marahaba mwanangu. Pole na hizo steroidi. Anayelia ni prednisoloni, si wewe.

Mimi ni wa enzi ambazo daktari wa kolaitisi alikuwa na mesalazini, prednisoloni na kisu cha upasuaji. Nimemaliza utafiti mmoja mpaka mwisho, na mwingine nilichujwa mlangoni. Nakueleza niliyoyaona, mengine utayapima mwenyewe.

Tuanze na kidonge bandia, maana ndicho kinachotisha wote. Kupewa bandia si kuachwa mikono mitupu. Fungua fomu yako kwenye sehemu ya dawa zinazoruhusiwa. Tafiti nyingi za kolaitisi zinakuacha uendelee na mesalazini ya kumeza, na prednisoloni kwa kipimo kisichobadilika mpaka wiki itakayotajwa. Kidonge cha utafiti, kiwe cha kweli au cha uongo, kinaongezwa juu ya hizo. Ndiyo maana hata kwenye kundi la bandia kuna wanaopata unafuu: ukizijumlisha tafiti nyingi za kolaitisi, karibu theluthi ya waliomeza bandia huandikwa kuwa wamepata nafuu katika wiki za mwanzo, na kama mtu 1 kati ya 10 ugonjwa hutulia. Usishangilie haraka, maana hao wengine 9 bado wanakimbia chooni na unaweza kuwa mmoja wao.

Kama utapewa bandia au dawa, hakuna wa kukujibu. Hata daktari wako hajui na hatakiwi kujua. Cha kumbana nacho ni hiki: nikizidiwa katikati, nini kinafanyika, nani anaamua, na nasubiri mpaka wiki ya ngapi? Jibu lake lazima liwe limeandikwa. Kuna tafiti zinazosema asiyepata nafuu mwisho wa kipindi cha kwanza anahamia kundi la wazi, ambako kila mtu anapewa dawa halisi na hakuna siri tena. Kuna nyingine zinazosema asiyepata nafuu atoke, akarudi kwa daktari wake. Tofauti hiyo kwa mtu aliye kwenye hali yako ni kubwa kuliko tofauti ya bandia na dawa.

Kwangu ilikuwa ya kwanza. Kipindi cha mwanzo kiliisha bado naamka usiku mara kwa mara, nikahamishiwa kundi la wazi, na humo ndimo choo kilipoanza kupata umbo. Utafiti ulipofungwa wakaniletea barua ya kuniambia nilikuwa kundi gani. Bandia. Nilicheka peke yangu, maana katika zile wiki za mwanzo nilikuwa nimemshawishi kila mtu nyumbani kwamba kile kidonge kinanitia kichefuchefu.

Sasa mambo ambayo hayasemwi sana.

Utapewa shajara ya kujaza kila jioni, mara nyingi iko kwenye simu wanayokupa wao. Inalia saa ileile kila siku, uwe msibani au harusini. Inauliza umeenda chooni mara ngapi na damu ilikuwaje: hakuna, michirizi, damu ya wazi, au damu tupu bila choo. Lakini kabla ya yote watakuuliza swali moja dogo: ulipokuwa mzima, kwa siku ulikuwa unaenda mara ngapi? Usilijibu huku unatafuta viatu vyako. Alama zako zote za mbele zinahesabiwa kutoka hapo. Mara 1 au 2 zaidi ya kawaida yako ni alama 1, mara 3 au 4 ni alama 2, mara 5 na kuendelea ni alama 3. Aliyezoea kwenda mara 2 akisema mara moja, hesabu yake yote inapinda.

Na usitie chumvi. Najua watu wanaotia chumvi ili wasichujwe. Mgonjwa anaandika safari 10 ili aingie, akishaingia anaanza kuandika ukweli wake wa safari 6, na kwenye karatasi anaonekana amepona hata kama amemeza unga wa bure. Wakifanya hivyo wengi, kundi la bandia linapendeza, dawa nzuri inaonekana si kitu, na sisi ndio tunaoikosa.

Kamera nayo. Daktari atakuingiza kolonoskopi au ile fupi inayoishia upande wa kushoto, na video inapelekwa kwa msomaji aliyeko mbali. Yule hakujui. Hajui unaendesha mara ngapi, hajui video hii ni ya kabla ya dawa au ya baada. Anatazama ukuta wa utumbo na kutoa alama 0 hadi 3. 1 ni wekundu na mishipa midogo ya damu kufifia; 2 ni mishipa kutoonekana na ngozi ya ndani kuchubuka ikiguswa; 3 ni vidonda na damu inayotoka yenyewe. Kuingia, kwa kawaida wanataka angalau 2. Utafiti wangu wa pili niliishia hapo. Daktari aliyeshika kamera alisema 2, msomaji akasema 1, na safari zangu za chooni hazikuulizwa na mtu. Nilikuwa nimeshakunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, nimeshalala na njaa, nimeshaomba ruhusa kazini. Kwa hiyo usiwaage watu kwamba umepata dawa mpya kabla hujaitwa kuchukua chupa ya kwanza.

La mwisho kwa leo: steroidi. Uliza zinaanza kupunguzwa wiki gani na kwa hatua zipi. Baada ya kipindi cha kwanza huwa ni lazima zishuke, hapo hakuna kubembelezana, kwa sababu dawa inayohitaji kushikiliwa na prednisoloni haijashinda. Wewe damu inarudi chini ya 15. Waeleze hivyo hivyo, waandike.

Daktari hatakuchukia. Akikuchukia kwa kukataa, basi umejua jambo la maana kuhusu huyo daktari.

Haki Yangu

Mimi naunga mkono mama. Samahani kama nitaudhi. Makampuni yanapata mabilioni, sisi tunapata nauli na chai. Dawa ikifaulu inauzwa bei ambayo aliyejaribiwa hawezi kuigusa. Ikishindwa, kimya. Binamu yangu alikuwa kwenye utafiti wa ugonjwa wa Crohn, ndugu wa kolaitisi unaovimbisha utumbo, siku moja kapigiwa simu, utafiti umesimamishwa, rudisha vidonge vilivyobaki. Basi. Alikuwa anajisikia vizuri na vile vidonge. Nani alimjali?

Mkongwe wa Choo

Haki Yangu, hujaudhi mtu. Nusu ya uliyosema ni kweli, na nusu nyingine nitabishana nayo.

Prednisoloni anayomeza Njiapanda leo, tumejuaje kwamba ukoo wake unafaa kwenye kolaitisi? Mwaka 1955 Truelove na Witts kule Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 210 wa kolaitisi. Waligawanywa: wengine kotisoni, wengine kidonge bandia. Baada ya wiki 6, kwenye kundi la kotisoni asilimia 41 ugonjwa ulikuwa umetulia, kwenye bandia asilimia 16. Enzi hizo shambulio kali la kolaitisi lilikuwa linaua. Wale wagonjwa 101 waliopewa bandia hawakutajwa majina popote, ila kila daktari anayeandika steroidi leo anasimama juu ya mabega yao. Siwezi kuwaita watu waliotumiwa tu.

Kuhusu kusimamishwa, binamu yako alikuwa na haki ya kuumia. Ila nikupe mfano unaojulikana wazi. Kulikuwa na kidonge cha Crohn kinaitwa mongerseni. Utafiti wa awamu ya 2 ulitoka 2015 na watu wakapagawa: kwa kipimo cha juu, asilimia 65 ugonjwa umetulia, bandia asilimia 10. Wagonjwa walikuwa 166, dawa wameimeza wiki 2 tu, na kamera haikutumika mwanzoni kuhakikisha utumbo una uvimbe kweli. Ikaja awamu ya 3, watu wengi zaidi, muda mrefu zaidi. Oktoba 2017 ikasimamishwa, kwa sababu hesabu za katikati zilionyesha haielekei kufika popote. Bila shaka kuna watu humo waliokuwa wanajisikia vizuri. Ukiwa ndani peke yako huwezi kujua kama kilichokutuliza ni kidonge, ni mesalazini uliyokuwa nayo, au ugonjwa umeamua kupumzika wenyewe. Kolaitisi na Crohn zina tabia hiyo, zinapanda na kushuka. Ndiyo sababu ya kuwa na kundi la bandia tangu mwanzo.

Na wakati mwingine dawa inaumiza. Sekukinumabu inafanya kazi nzuri kwenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Kwa mantiki ya kitabu ilitakiwa isaidie Crohn pia. Walipoijaribu, matokeo yakachapishwa 2012: waliopewa dawa walifanya vibaya kuliko waliopewa bandia. Kama isingejaribiwa, madaktari wangekuwa wanatuandikia mpaka leo kwa nia njema kabisa.

Pale unapoumia kuhusu baada ya utafiti nakuunga mkono bila kusitasita. Njiapanda, andika hili kwenye karatasi yako: utafiti ukiisha na mimi niko vizuri, naendelea kupewa dawa? Kwa muda gani, mpaka lini, na nani analipa? Tafiti nyingi za magonjwa yetu zina kipindi cha nyongeza cha miaka kadhaa ambapo walionufaika wanaendelea bure. Nyingine hazina. Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia la 1964 ambalo limefanyiwa marekebisho mara nyingi, linataka mipango hiyo iwekwe kabla utafiti haujaanza na uambiwe wakati wa kuomba ridhaa yako. Kwa hiyo huombi hisani.

Na kuhusu ukimya: majarida makubwa ya tiba tangu 2005 hayakubali utafiti ambao haukusajiliwa hadharani kabla ya kuanza kupokea wagonjwa. Namba ya usajili iko ukurasa wa mbele wa fomu, mara nyingi inaanza na NCT. Iingize kwenye ClinicalTrials.gov, usome kipimo cha ushindi walichojiwekea wenyewe. Hakuna namba, rudisha fomu yao.

Dada Vipimo

Habari za humu. Mimi ni nesi, kazi yangu kwa sasa ni uratibu wa tafiti, na Mkongwe kanimalizia nusu ya maneno. Naongeza ya upande wetu wa meza.

Njiapanda, hilo la mtoto ndilo ningelianza nalo mimi, si la kidonge bandia. Dawa za ukoo wa ozanimodi hazitakiwi kwenye ujauzito. Kwa ozanimodi yenyewe unaambiwa uzuie mimba wakati wote unapoitumia na miezi 3 baada ya kidonge cha mwisho. Dawa nyingine za kumeza zina muda wao, upadasitinibu kwa mfano ni wiki 4. Hiki chako kitakuwa na idadi yake ndani ya fomu, kwenye sehemu ya uzazi. Chukua wiki 52, ongeza muda huo, ongeza kipindi cha mchujo. Mwakani yako haipo tena hapo. Na ukishika mimba ukiwa ndani, dawa inasimamishwa siku hiyo hiyo na watakuomba ruhusa ya kufuatilia mimba mpaka mtoto azaliwe. Ongea na mumeo kwanza, safari hii akupe jibu lenye nyama.

Ila nalo usiliache nusu. Kubeba mimba ugonjwa ukiwa umewaka ni hatari kuliko kusubiri utulie. Muulize daktari wako njia nyingine nje ya utafiti. Vedolizumabu inafanya kazi tofauti na infliksimabu, na wengi wanaendelea nayo hata wakiwa wajawazito kwa ushauri wa daktari. Fomu ya ridhaa inalazimika kukutajia tiba nyingine zilizopo. Kama ya kwako imesema tu "daktari atakueleza", basi na akueleze.

Mchujo: watachukua damu nyingi siku ya kwanza, usiogope idadi ya chupa. Kifua kikuu kilicholala, homa ya ini B na C, VVU, ujauzito. Choo kinapimwa bakteria wa C. difficile, maana anaweza kuigiza kolaitisi iliyowaka na tukakupa dawa ya kushusha kinga juu ya maambukizi. Kwa ukoo huu wa vidonge ongeza mambo mawili ambayo watu hawayatarajii kwenye ugonjwa wa tumbo: kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa kidonge cha kwanza kinaweza kupunguza mapigo, na macho, kwa kuwa wachache hupata uvimbe nyuma ya jicho. Siku ya kidonge cha kwanza pengine watakuweka kituoni saa kadhaa wakikupima mapigo. Chukua kitu cha kusoma. Kama hujawahi kuugua tetekuwanga, sema mapema. Chanjo yake ni ya virusi hai, haichomwi ukiwa juu ya dawa hizi wala ukiwa kwenye steroidi nyingi.

Leta orodha ya kila unachomeza, na nikisema kila, ni pamoja na ya maumivu ya mgongo, mitishamba na vidonge vya nywele. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa wako, na sisi tukaandika kwamba ni dawa ya utafiti imekushinda.

Utapewa kadi ndogo ya kutembea nayo. Ina namba ya simu ya saa 24. Ukilazwa popote, hata kwa ajali ya pikipiki, mtu wako apige hiyo namba; mtafiti akishajua ana saa 24 za kutoa taarifa kwa mfadhili. Na daktari wa dharura akihitaji kujua unameza nini ili akutibu, siri inafunguliwa. Hakuna siri ya utafiti inayozidi uhai wa mtu.

Kutoka: unatoka siku yoyote, huna deni la maelezo. Ila tuambie, usipotee tu. Dawa hizi nyingine haziachwi kiholela, na kipimo cha mwisho ni kwa ajili yako. Data iliyokwisha kukusanywa kabla hujatoka kwa kawaida inabaki. Sampuli za vinasaba mara nyingi zina fomu yake pembeni, unaweza kukataa hiyo na bado ukaingia kwenye utafiti mkuu. Watu wanasaini zote kwa mkupuo mmoja, inaniuma.

Kovu

Mie Crohn, na nimekatwa utumbo tayari. Nilitaka kuingia utafiti, MRI ikaonyesha sehemu iliyobana, wakanikataa hapo hapo. Mwenye utumbo uliobana au mfuko wa choo tumboni anafungiwa nje na tafiti nyingi za dawa. Nilichukia sana, ila nikafikiri: dawa ya kushusha uvimbe hailegezi kovu, na nikiziba katikati ya utafiti nitapasuliwa kwa dharura.

Sasa niko kwenye utafiti usio na dawa. Natoa damu, natoa choo, najaza maswali kila baada ya muda, wanafuatilia kalprotektini yangu, protini ya kwenye choo inayoonyesha uvimbe wa utumbo, na wanalinganisha na MRI. Kile kikopo cha choo kina kijiko kidogo kwenye kifuniko, unachota unafunga. Nakiweka kwenye friji ndani ya mfuko mweusi na nimewaambia wa nyumbani kwamba atakayefungua asinilaumu. Hamna bahati nasibu, hamna bandia, sipati kitu ila naona majibu yangu. Wasio tayari kumeza kidonge kisicho na jina wajue hii ipo pia.

Pia kuna zile za kushindanisha dawa mbili ambazo tayari zinatumika. Mkongwe, si ulishawahi kuizungumzia moja?

Mkongwe wa Choo

Naam, VARSITY. Ilitoka 2019, kolaitisi, vedolizumabu dhidi ya adalimumabu, wagonjwa 769. Humo hakuna aliyepata bandia tupu. Lakini moja ni dripu na nyingine ni sindano ya chini ya ngozi, utafichaje siri? Kila mgonjwa alipata vyote viwili, kimoja cha kweli na kimoja maji. Wiki ya 52 waliotulia walikuwa asilimia 31.3 kwa vedolizumabu na 22.5 kwa adalimumabu. Kabla ya hapo kila daktari alikuwa na mapenzi yake tu. Njiapanda, muulize daktari kama kuna wa namna hiyo karibu nawe, kwa mtu anayeogopa bandia ni mlango mwepesi zaidi. Na uzitazame hizo namba kwa utulivu: hata dawa iliyoshinda, wengi hawakutulia. Anayekuahidi kupona kwa kidonge chenye herufi na namba anakuuzia kitu.

Njiapanda

Nimerudi. Asanteni sana, nimewasomea wote nyumbani kwa sauti, hata wewe Haki Yangu. Mama aliposikia habari za hao watu 210 wa mwaka 1955 akanyamaza, kisha akauliza kama walipewa nauli.

Nimeimaliza fomu. Asiyepata nafuu wiki ya 12 anaingia kundi la wazi, limeandikwa. Nyongeza ipo, mpaka dawa ipate kibali au kampuni iache kuitengeneza, chochote kitakachotangulia. Hiyo "iache" nimeipigia mstari. Uzazi ni miezi 3, kama ozanimodi. Mume wangu safari hii ameongea: tunapiga hesabu ya mwaka na nusu, na kabla ya hapo tunataka kusikia habari za vedolizumabu kutoka kwa daktari, ana kwa ana. Kwa hiyo sijasaini. Nina miadi.

Swali dogo tu limebaki. Natumia pia mesalazini ya kuingiza haja kubwa, ile mishumaa ya usiku. Fomu inasema dawa za njia hiyo zisitumike wiki 2 kabla ya kamera. Nianze kuiacha sasa, ili nikiamua kuingia nisichelewe?

Dada Vipimo

Usiiache. Hakuna unachotakiwa kubadilisha kwa ajili ya utafiti kabla hujasaini, hata mshumaa mmoja. Mtafiti mwenyewe haruhusiwi kukuambia uache dawa kabla ya saini yako, na akifanya hivyo wakaguzi watamwandika. Ukisaini, mratibu wako ataihesabu tarehe ya kamera kurudi nyuma wiki 2 na kukupa siku ya kuacha. Ukichagua vedolizumabu badala yake, pengine utaambiwa uendelee nayo, na utakuwa umejitoa damu bure.

Kwenye miadi nenda na shajara yako mwenyewe ya siku 7, karatasi ya kawaida tu: safari, damu, kuamka usiku, kipimo cha prednisoloni cha siku hiyo. Itamfaa daktari kwa njia zote mbili.